UZI: Klabu ya kanda ya tokeni na nishani inavunjwa. Mali inagawanywaje, na nini kifanyike kabla ya kura?

#1 MizaniYa1888

Wakuu, salaam. Klabu ya pwani ya wakusanyaji wa tokeni na nishani inaelekea kuvunjwa. Sababu ni zile zile: ada haifikii kodi ya chumba, jarida halina mhariri, na kamati ni watu watatu wanaopokezana vyeo. Hilo limeshazungumzwa, tusilirudie hapa.

Kinachosumbua ni mali. Kuna trei za tokeni (vipande mfano wa sarafu ambavyo si pesa ya serikali, vingi vya mashamba ya mkonge, kuanzia enzi ya Mjerumani), nishani za vita, rafu mbili za katalogi, mihuri ya chuma iliyogongea medali za klabu, na pesa kidogo benki. Usajili uko Mombasa, wanachama wako pande zote mbili za Lungalunga. Wapo wanaotaka kila kitu kiende makumbusho, wapo wanaotaka mnada. Mwenye uzoefu wa kufunga klabu bila kuacha kesi nyuma aseme tuanzie wapi.

#2 KaraniWaVyama

Msikimbilie kura. Kwa Kenya, chama kilichosajiliwa hakijivunji chenyewe. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kinataka idhini ya maandishi ya Msajili itangulie, na maombi yawe na sahihi za viongozi 3. Kifungu hicho hicho kinabana kubadili katiba, kwa hiyo wazo la "turekebishe katiba kwanza" nalo lina foleni yake.

Sasa fungueni katiba yenu, pale penye kuvunjwa kwa chama. Kama ilinakiliwa kutoka kielelezo cha Msajili (na nyingi zimenakiliwa neno kwa neno) mtakuta haya: azimio lipite kwa theluthi mbili ya waliohudhuria mkutano mkuu. Akidi isipotimia, uitishwe mkutano wa pili mwezi mmoja baadaye, taarifa itoke angalau siku 14 kabla, na safari hiyo akidi ni wale waliofika, hata wakiwa watano. Halafu idhini ya Msajili. Halafu linakuja lile linalowaumiza wakusanyaji: kuvunjwa kukishaidhinishwa, kamati haina kazi nyingine ila kukusanya mali na kuigeuza pesa taslimu, kulipa madeni, na kugawa salio kama mkutano ulioazimia ulivyoelekeza.

Kugeuza pesa taslimu, wakuu. Trei ya nishani ikishahesabiwa humo, mweka hazina akiipeleka makumbusho bure, mwanachama mmoja mwenye kinyongo anatosha kumwambia umetoa mali iliyopaswa kuuzwa. Kwa hiyo hiba zote zipitishwe na mkutano mkuu wa kawaida klabu ikiwa bado hai, hati zisainiwe pande zote mbili, vitu viondoke kweli kwenye kabati, ndipo muitishe mkutano wa kuvunja. Mkigeuza mpangilio huo mnajitafutia kesi.

Kwa walio Tanzania Bara ni Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na Msajili wa Jumuiya yuko Wizara ya Mambo ya Ndani. Zanzibar wana sheria na msajili wao. Na kama "klabu" yenu ya Kenya kumbe iliandikishwa kama kikundi cha jamii, basi inakuhusu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, si Sura ya 108. Angalieni cheti kabla ya kuandika barua.

#3 Tanga_Mkonge

Swali dogo: wanachama wasiolipa ada miaka miwili wanahesabika kwenye akidi?

#4 KaraniWaVyama

Inategemea kama katiba inasema uanachama unakoma wenyewe au mpaka kamati iwafute. Ikisema "anaweza kufutwa" na hamkuwafuta, bado ni wanachama, wapelekeeni taarifa. Msiwafute wiki moja kabla ya mkutano. Itaonekana mnasafisha daftari mpate theluthi mbili.

#5 BintiTrei

Kabla ya kubishana makumbusho au mnada, mnajua kilicho chenu? Kabati la klabu huwa na vitu vya aina tatu vimelala trei moja, kama mchele na mawe.

Kwanza amana: vitu vya wanachama vilivyoletwa kwa maonyesho au utafiti vikasahaulika. Hivyo si mali ya klabu hata siku moja. Haviuzwi, havigawanywi, vinarudi kwa mwenyewe au kwa warithi wake. Pili hiba yenye sharti: mtu alitoa kundi la nishani akiandika "lisivunjwe" au "libaki Mombasa". Sharti linahama pamoja na kitu. Tatu ndiyo mali halisi, iliyonunuliwa kwa pesa ya klabu au iliyotolewa bila sharti.

Kutenganisha kunahitaji daftari la mapokezi, kumbukumbu za mikutano na stakabadhi za mweka hazina, zisomwe zote tatu pamoja. Jarida la zamani nalo husaidia: "tumeazimwa na" si sawa na "tumepewa na". Kitu kisicho na ushahidi wowote kiwekeni trei ya nne, mtangaze kwa wanachama wote na picha zake, mtoe siku 60 za madai. Kisipodaiwa, mkutano ukiandike kuwa mali ya klabu. Msikitwae kimya kimya.

Orodha iwe na safu hizi: namba, picha pande mbili pamoja na ukingo, madini, kipenyo, uzito hadi 0.01 g, mwelekeo wa pande (geuza kitu kwenye mhimili wa wima: upande wa nyuma ukisimama sawa andika 12, kama namba ya juu kwenye uso wa saa, ukiwa kichwa chini andika 6), kasoro, chanzo, aina ya umiliki. Namba iandikwe kwenye kifuko, kamwe isiandikwe kwenye kitu chenyewe.

#6 FundiUkingo

Kwa nishani, ukingo ndio roho. Mfano mzuri ni wa hapa hapa pwani. Nishani ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Magharibi, 1887–1900, ina vibao vyenye jina la vita vya Witu vinavyokaa kwenye utepe, lakini kwa Mwele, vita dhidi ya Mbaruk bin Rashid, hakukutolewa kibao. Maneno "Mwele 1895" au "Mwele 1895-6" yalichongwa ukingoni. Ukipiga picha ya mbele na nyuma tu, umeorodhesha nishani isiyo na vita.

Ukingo huo huo ndio unaochezewa. Jina la askari wa kawaida hukwanguliwa, likachongwa la mtu mwenye bei. Pima kwa vernia sehemu 4 hadi 6 kuzunguka: nishani nyingi za Waingereza za aina ile ni 36 mm, na palipokwanguliwa pana upungufu, hata wa sehemu ya kumi ya milimita. Kisha ilaze ukingo kwenye mwanga wa tochi unaotoka ubavuni. Herufi zilizogongwa huwa na kina kimoja, za kuchonga kwa mkono hutetema. Si kila iliyochongwa ni bandia, tena za miaka hiyo zilizochongwa ni nyingi, ila mtindo wa herufi ulingane na toleo.

Jambo la pili: nyota na nishani za Vita Kuu ya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake zilitoka bila majina. Kinachozifunga na mtu ni boksi, karatasi na utepe wake. Mkizitoa kwenye maboksi mkazipanga vizuri kwa aina, mmezifanya chuma tu. Kundi la askari mmoja libaki pamoja, liwe fungu moja mnadani au hiba moja. Hapo mimi silegezi.

#7 Tanga_Mkonge

Tokeni zetu za alumini na shaba ya njano zimeshika kitu cha kijani na utelezi. Tuzisafishe kabla ya kuzipiga picha?

#8 FundiUkingo

Ukijani wenye utelezi, unaonata kidoleni, ni vifuko laini vya plastiki ya PVC. Plastiki ile hulainishwa kwa mafuta, mafuta yanatoka kwa joto la pwani na kula madini. Ukitaka kuhakikisha kifuko ni PVC, pasha waya wa shaba nyekundu motoni, gusisha kifuko, urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi, ndiyo yenyewe. Fanya nje, moshi wake si wa kuvuta.

Kuondoa: asetoni safi ya duka la kemikali. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta. Tumia bilauri mbili za kioo, maana plastiki nyingi zinayeyuka. Ya kwanza dakika 5 hadi 10, ya pili ni ya kusuuza, kisha laza kitu kwenye kitambaa cha pamba kikauke chenyewe, usisugue. Madirisha wazi, jiko limezimwa. Usitumbukize chenye enameli, rangi, utepe, wala tokeni za plastiki na mpira mgumu.

Ukijani wa unga, mwepesi kama chokaa, unaorudi ukiufuta, huo ni ugonjwa mwingine. Ni chumvi ndani ya shaba au bronzi, na hewa ya bahari ndiyo chakula chake. Asetoni haiuponyi. Tenga kitu hicho kwenye kopo linalofunga kabisa pamoja na silika jeli, unyevu ushuke chini ya asilimia 40, mwandikie atakayekipokea kuwa kinaumwa. Kopo la lita 5 linahitaji kama g 100 za silika, ile ya rangi ya chungwa inayobadilika ikishiba maji. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni ya 110–120 °C saa mbili tatu.

Mengineyo yote yaacheni na uchafu wao. Dawa ya kung'arishia shaba ya jikoni imeua nishani nyingi kuliko kutu.

Na wanaotoa vitu kwenye vile vikadi vya kuhifadhia vinavyobanwa kwa pini za stepla: toa pini zote nne kwanza kwa koleo ndogo, ukiziinua pande mbili, ndipo ufungue. Ukichana kadi pini zikiwamo, ncha moja inapita usoni mwa tokeni na mkwaruzo huo hautoki.

#9 BintiTrei

+1 kwa pini. Alumini ni laini, inakwaruzika upesi.

#10 Kisauni_Mnada

Naona wote mnapendelea makumbusho. Niulize kinyume: makumbusho yatafanya nini na tokeni 40 zinazofanana za shamba moja? Zitalala kwenye boksi. Mkusanyaji atazitunza, atazilinganisha, ataandika. Mnada si dhambi, ni namna vitu vinavyowafikia wanaovipenda.

#11 BintiTrei

Hapo tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Makumbusho mazuri nayo hukataa nakala. Nendeni na orodha, si na makabati. Kwa kila aina pelekeni moja iliyo safi na moja yenye tofauti ya muhuri kama ipo, pamoja na karatasi zote za chanzo, maana tokeni bila jina la shamba inaeleza kidogo sana. Ziada ipigwe mnada. Kwa Mombasa mlango wa kawaida ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya kupitia Fort Jesus. Vya Tanga viulizwe kwanza Makumbusho ya Taifa la Tanzania.

Hati ya hiba iseme: umiliki unahama moja kwa moja, nakala za orodha ni kiambatisho, na makumbusho yakitaka kuvitoa siku za mbele vinapelekwa wapi. Msidai vionyeshwe daima. Hakuna msimamizi makini atakayesaini hilo, na akisaini mjue hajasoma.

#12 MizaniYa1888

Wanachama wa Tanga wakishinda mafungu mnadani Mombasa, wanavuka nayo tu?

#13 KaraniWaVyama

Si yote. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu kinachohamishika, si kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nje kunataka kibali. Paisa za Mombasa za 1888 zenye mizani, ambazo nyote mnazo kwenye kopo, kwa maandishi ya sheria zinaingia humo. Nishani ya Mwele kwa mwaka wake haiingii, tokeni za mkonge za karne ya 20 haziingii. Tanzania nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambako mwaka wa kukatia kwa masalio yaliyotengenezwa nchini ni 1863.

Mtego ni riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria. Imeandikwa 1780, lakini iliendelea kugongwa na mwaka huo huo hadi karne ya 20. Mwaka ulioandikwa usoni hauthibitishi kitu. Andika kwenye orodha "toleo la baadaye" pale alama za muhuri zinapoonyesha hivyo, la sivyo afisa wa mpakani ataisoma 1780 na ana haki.

Kwa usalama, orodha ya mnada iwe na safu ya ziada: "hakitoki nje bila kibali". Mnunuzi ajue kabla ya kutaja dau.

#14 Mswahili_Ohio

Huku Marekani vilabu vya kanda vya tokeni na nishani ni utamaduni wa siku nyingi, chama cha taifa cha fani hii kilianzishwa 1960, kwa hiyo kuvifunga nako kumezoeleka. Wanachouliza kwanza ni hadhi ya kodi. Klabu yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani ya elimu au hisani, haiwezi kuwagawia wanachama salio. Lazima liende kwa shirika jingine la lengo kama hilo. Ile ya 501(c)(7), ya burudani, ina uhuru zaidi. Mwaka wa mwisho klabu ndogo hutuma Fomu 990-N, taarifa fupi ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, ikisema imekoma, na jimbo hupewa hati yake ya kuvunjwa. Wanaosahau hilo la pili hubaki na klabu iliyokufa lakini inadaiwa ripoti.

La kuiga ni majarida. Newman Numismatic Portal, iliyo chini ya Washington University ya St. Louis, inaskani machapisho ya vilabu vya sarafu na kuyaweka wazi bure. Jarida la pwani likifika huko halipotei tena. Kama mnaskani wenyewe: dpi 300 kwa maandishi, 600 kwa kurasa zenye picha za tokeni, kila toleo faili lake, na jina la faili lianze na mwaka. Ondoeni kurasa za anwani na simu za wanachama kwanza.

#15 Kisauni_Mnada

Sawa, basi niwape mnada wenyewe, maana hapa ndipo urafiki huvunjika.

Aliyekadiria bei asiwe anayeendesha mnada. Kamati ikitaka kununua, inunue kwa dau la bahasha lililofungwa na kukabidhiwa mtu wa nje kabla ya bahasha nyingine kufunguliwa. Mafungu yawe madogo: tokeni za bei ya chini 5 hadi 10 kwa fungu kulingana na shamba, za maana moja moja. "Mchanganyiko, vipande 200" ni zawadi kwa mchuuzi mmoja, wanachama wataondoka mikono mitupu.

Kwa walio mbali tumieni dau la juu kabisa la maandishi, lakini mshindi alipe hatua moja juu ya dau la pili. Mfano: A ameandika 6,000, B 4,000, hatua ni 200, A analipa 4,200. Mkimtoza 6,000 yote, mnada ujao kila mtu ataandika chini. (Najua hakuna mnada ujao. Ila fungu la 2 linakuja dakika moja baada ya fungu la 1.) Madau mawili yakilingana, lililofika kwanza linashinda, kwa hiyo bahasha zigongwe tarehe na saa.

Malipo yaingie akaunti ya klabu, si simu ya mtu. Kitu hakitoki mezani mpaka mweka hazina aone pesa. Sarafu za Tabora za 1916, za Wajerumani wakati wa vita, ziwe na sharti la kurudishwa ndani ya siku 14 zikithibitika bandia, hasa ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Ziligongwa 16,198, nakala zake za bandia ziko sokoni nyingi, na uzito wake halali ni kama g 7.17. Ikipungua sana au ikizidi, isiingie mnadani kabisa.

#16 KaraniWaVyama

Na pesa ikishapatikana ina mpangilio: gharama za kufunga, wadai (mwenye nyumba, mchapaji), ada zilizolipwa mapema kwa matoleo ya jarida ambayo hayatatoka, kisha salio. Akaunti ya benki ifungwe mwisho kabisa. Nimeona watu wakiifunga baada ya mkutano kwa furaha ya kumaliza, hundi ya mnunuzi inafika haina pa kuingia. Benki itataka nakala ya kumbukumbu za mkutano na watia sahihi wote, kwa hiyo mtia sahihi anayehamia Ghuba mbadilisheni mapema. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nayo ifutiwe wajibu wake, vinginevyo ritani zitaendelea kudaiwa kila mwaka.

Daftari la wanachama, hesabu na kumbukumbu za mikutano visitupwe. Mtu mmoja atajwe kwa jina kwenye azimio kuwa mtunzaji.

#17 MizaniYa1888

Asanteni. Limebaki la mihuri. Tuna jozi za medali za klabu, na nyingine ziko kwa fundi aliyezigonga.

#18 FundiUkingo

Mihuri mizima ikiuzwa, mwaka kesho mtaona medali "adimu" ya klabu ikiuzwa mtandaoni ikiwa mpya kabisa. Ighairini. Chora X kwa gurudumu la kukatia, kutoka ukingo hadi ukingo, ipite juu ya picha na juu ya maandishi, kina kama mm 1. Mkwaruzo mwembamba hautoshi, fundi mzuri huujaza na kuusawazisha. Piga picha, andika kwenye kumbukumbu idadi ya medali zilizogongwa kwa kila madini, paka mafuta ya mashine, funga kwenye karatasi ya kuzuia kutu. Hapo unaweza kutoa makumbusho au hata kuuza, watu hununua mihuri iliyoghairiwa.

Kwa fundi ulizeni mambo mawili: muhuri ni wa nani kwa mujibu wa ankara ya kwanza, na je, ulichongwa kwa mashine ya kompyuta? Kama ndiyo, chuma si kitu, faili ndilo muhuri. Dai faili, na barua yake kwamba nakala zimefutwa.

#19 Tanga_Mkonge

Na zile kola, pete zinazoshika ukingo wakati wa kugonga?

#20 FundiUkingo

Kola tupu, isiyo na maandishi, ni ya fundi, ataitumia kwa kazi nyingine za kipenyo hicho. Yenye maandishi ya ukingoni ikateni vipande viwili.